Tahadhari ya Mapema au Majengo Imara: Serikali Ianze na Lipi?

Mfumo wa tahadhari ya mapema, kama ule ambao Japani ilianza kuutumia kwa umma mwaka 2007, hunasa mawimbi ya kwanza ya tetemeko la ardhi, yaendayo kasi lakini yenye madhara madogo, na kutangaza hatari sekunde chache kabla ya mtikisiko mkubwa kufika. Sekunde hizo chache zinatosha kupunguza mwendo wa treni au kujikinga chini ya meza, ingawa walio karibu na kitovu, wanaoathirika zaidi, huenda wasipate hata moja.

Kusimamia kanuni za ujenzi huchukua miaka mingi, na manufaa yake hayaonekani mpaka ardhi itikisike. Hata hivyo, mwaka 2010 tetemeko la ukubwa wa 8.8 nchini Chile, ambako kanuni hizo husimamiwa, liliua watu wapatao 500, ilhali lile la 7.0 nchini Haiti, wiki chache kabla, liliua zaidi ya 100,000. Ni kweli kwamba kitovu cha Haiti kilikuwa karibu na mji mkuu uliosongamana, lakini wengi walifunikwa na zege lisilo na nondo za kutosha. Kwa hiyo, bajeti ikiwa finyu, naona wakaguzi wenye mamlaka ya kusimamisha ujenzi mbovu watangulie, wakianzia shuleni na hospitalini, na mitambo ya tahadhari ifuate.