Kutenda au kutendwa: kauli ipi itumike katika Kiingereza?

"The dog bit the boy" na "The boy was bitten by the dog" zinasimulia tukio lilelile. Ya kwanza ni kauli ya kutenda: mtendaji anatangulia, kitenzi kinafuata, mambo yamekwisha kwa maneno matano. Ya pili ni kauli ya kutendwa. Inahitaji umbo mojawapo la "be" pamoja na umbo la tatu la kitenzi (bite, bit, bitten), na maneno yanafika saba.

Kwa hadithi, barua na maelekezo, chagua kutenda. Ni fupi na haimzungushi msomaji.

Hata hivyo, walimu wanaokataza kutendwa moja kwa moja wanazidisha. Ukisema "My bicycle was stolen", mwizi hajulikani, na kinachokuuma ni baiskeli. Kuanza na "Someone" hakuongezi kitu. Ripoti za maabara nazo huandika "The water was heated", kwa kuwa aliyewasha moto si hoja.

Uwezo huohuo wa kumficha mtendaji huwafaa sana wanasiasa. Mwaka 1987, akizungumzia sakata la serikali yake kuiuzia Iran silaha kwa siri, Rais Ronald Reagan wa Marekani alisema "serious mistakes were made". Nani aliyafanya makosa hayo? Sentensi haimtaji, na kisarufi haina kasoro yoyote.

Wakati mwingine huna hata uchaguzi: vitenzi visivyo na yambwa (kinachotendewa), kama "arrive" na "sleep", kwa kawaida havigeuzwi. "He was arrived" ni kosa.