Duka la tailsi Lamu Road Malindi, kwa wenye bajeti ya kubana: nyota nne

Jamani wenye mnakarabati nyumba huku Malindi na hela ni za kudunduliza, hili duka la tailsi la Lamu Road mie nawapa nyota nne, na nyingi ya hizo ni za yule kaka wa kaunta kwa sababu kabla hajanionyesha tailsi hata moja aliniuliza "dada, vipimo uko navyo?" Maduka mengine nilikopitia swali la kwanza ni wataka za kung'aa ama za kawaida, na hujajibu ushapelekwa kwa zile za kung'aa.

Nyumba ni ya mamangu, iko Maweni, ya zamani, sakafu ya simiti imechimbika kila mahali. Tulianza na sebule, mita 5.2 kwa 4.1. Yule kaka alichukua kipande cha katoni akapiga hesabu mbele yangu na hii ndo sehemu nataka muisome vizuri kwa sababu pesa nyingi zapotea hapa. 5.2 mara 4.1 ni skwea mita 21.32. Akaongeza asilimia 10 ya zile zitakazokatwa na kuvunjika ikafika kama 23.5, akaniambia ungekua wataka zilale kimshazari ningekuongezea 15 maana kona zote zakatwa. Boksi ya sentimita 60 kwa 60 ina tailsi 4, yaani skwea mita 1.44, ukigawa yaja 16 na kidogo, basi ni boksi 17, hakuna kununua nusu boksi. Mie nikadhani tumemaliza, akaniuliza "na skating?" Ule mstari wa chini ya ukuta. Kuzunguka sebule yote ukitoa mlango ni mita 17.7 hivi, tailsi moja ukiikata vipande vya sentimita 10 wapata vitano vizuri, yaani mita 3, kwahivyo tailsi 6, boksi 2 tena. Jumla 19. Mtu ukienda dukani na ile 21 yako ya kichwani warudi na boksi 15, fundi anafika katikati ya kazi anakwambia zimeisha.

Na zikiisha katikati ndo balaa lenyewe, maana tailsi za jina moja na rangi moja zilizochomwa siku tofauti hazifanani. Kwa boksi kuna namba ya shedi, yaani ya ule mchomo na rangi yake, imepigwa muhuri ubavuni, yule kaka alipitia boksi zote 19 moja moja akisoma kwa sauti, moja ikatoka na namba nyengine, akaitoa pembeni akamtuma kijana apande juu ya rundo alete ingine. Mie kwa macho yangu nilikua sioni tofauti yoyote lakini akachukua moja ya hii na moja ya ile akaziweka nje juani pamoja, kweli moja ilikua imeelekea kwa manjano. Hapo ndo nikajua huyu mtu anajali kazi yake.

Kuhusu bei sasa. Kuweni makini na duka wanavyotaja, kuna wanaotaja kwa boksi na kuna wanaotaja kwa skwea mita. Ukiambiwa 1,250 mahali na 1,750 mahali pengine waweza kukimbilia ya 1,250, lakini ile ni ya mita, ukiipeleka kwa boksi ni 1,800, na ile ya 1,750 ni boksi nzima. Swali la kuuliza ni moja tu, boksi hii ina skwea mita ngapi, na isomwe kwenye boksi sio kutoka kichwani, kwa sababu za 40 kwa 40 na za 30 kwa 30 kila kampuni hupaki idadi yake. Na hapa ndo nalalamikia duka hili hili, vibandiko vyao vya bei ndani ya duka vingine ni vya mita na vingine vya boksi na havisemi, mpaka uulize. Warekebishe, si haki kwa mzee ama mtu asiyejua.

Mie nilikua nimeingia na hamu ya zile za kung'aa kama kioo. Akanieleza taratibu bila kunidharau kwamba huku kwetu mchanga wa pwani uko kila mahali, waingia na viatu, waingia na upepo wa kusi, na ule mchanga ni mgumu kuliko ile rangi ya juu ya tailsi, basi mlangoni na mahali pa kupita patachunika na kufifia haraka na kwa tailsi ya kung'aa kila mkwaruzo waonekana. Pia mama ni mtu mzima, akitoka kutawadha na miguu ina maji ataanguka. Nikachukua za mati, zile zisizong'aa, zenye mkwaruzo kidogo, ukipitisha kiganja wausikia. Za choo akanipa zenye mkwaruzo zaidi.

Alafu kuna jambo alinionyesha la maji. Alilaza tailsi ya ukutani na ya sakafu kifudifudi akamwagia maji kidogo mgongoni, ile ya ukuta iliyanywa pale pale pakabaki doa jeusi, ile ya sakafu ambayo ni poseleni maji yalikaa juu yamejikusanya. Poseleni haitakiwi kunywa zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, za ukuta zinapita 10. Kwahivyo yule anaekwambia chukua hizi za ukuta weka chini ni bei rahisi, mkatae, ni laini na zitapasuka ukivuta kitanda. Akaweka pia mbili uso kwa uso, zilikua zimelaliana bila kucheza, zikiwa zimepinda zitayumba na fundi hata awe hodari vipi kona zitasimama.

Bajeti yote ya sebule ilikuja hivi: tailsi 33,250, gundi mifuko 5 ya kilo 25 kwa 850 ni 4,250 (mfuko wapaka kama skwea mita 5), grauti (ile ya kujaza nafasi kati ya tailsi) 1,000, spesa (vile viplastiki vya kuachanisha tailsi) 300, fundi 350 kwa skwea mita na 100 kwa kila mita ya skating ni 9,230, usafiri 1,500. Jumla 49,530. Angalieni hapo, tailsi zenyewe ni theluthi mbili tu, mtu akipanga hela za tailsi peke yake thuluthi nzima itamjia kama deni. Na hapo sijaweka kulipa vijana wa kusawazisha sakafu, ilibidi kwanza ichimbwe na kumwagwa simiti upya. Kwa hio simiti kaka alinisisitiza mchanga uwe wa mto, wa baharini una chumvi na ile chumvi hupanda na unyevu ikatoka nyeupe kwenye grauti, utafuta mpaka uchoke. Hakuwa ananiuzia mchanga, alinishauri tu.

Nyota waliyopoteza ni ya usafiri. Waliniambia mzigo utafika asubuhi na ukafika baada ya alasiri, fundi na msaidizi wake wamekaa kivulini na kibarua cha siku nawalipa mie. Boksi ya 60 kwa 60 ni karibu kilo 30, ukizidisha kwa 19 ni zaidi ya nusu tani, tuktuk haiwezi kwa safari moja, lazima pikapu, na pikapu yao ni moja. Afadhali uchukue mzigo siku moja kabla ya fundi kuingia. Na za ukutani hawana chaguo kubwa, sampuli mbili nilizopenda zilikua ukutani tu stoo hamna, wakaniambia wataagiza Mombasa, sikutaka kungoja.

Kurudisha hawasumbui, boksi isiyofunguliwa na risiti wanachukua na pesa warudishiwa kwa M-Pesa hapo hapo, mie nilirudisha moja. Zile vipande vizima vilivyobaki msirudishe wala msigawe, wekeni za kubadilisha ikipasuka moja baadae, na kwenye risiti mwambieni aandike namba ya shedi, yeye huandika hata usipomwambia lakini vijana wake husahau.