Ripoti ya tiba ya usemi iliyotufaa kwenye tathmini ya mtoto

Kwa mzazi wa Malindi ambaye mtoto wake amechelewa kusema na anajiandaa kumpeleka kwenye kituo cha tathmini ya elimu, naipendekeza kliniki binafsi ya tiba ya usemi tuliyoitumia hapa mjini, hasa kwa ajili ya ripoti yake. Vituo vya tathmini, vilivyoanzishwa nchini Kenya mwaka 1984, ndivyo vinavyopima mahitaji ya mtoto na kupendekeza kama asome katika shule ya kawaida kwa kusaidiwa, katika kitengo maalumu au katika shule maalumu. Ripoti ya kliniki haichukui nafasi ya tathmini hiyo, lakini humweleza mtathmini mambo ambayo mtoto mwenye haya hatayaonyesha mbele ya mgeni.

Mtaalamu alimpima mwanangu kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani, tena hakukubali kuandika hitimisho lolote kabla ya kuona majibu ya kipimo cha masikio, na hilo nimelithamini sana, kwa kuwa mtoto asiyesikia vyema hudhaniwa haraka kuwa ni mzito wa kuelewa. Ripoti yenyewe ilieleza kwamba sauti ya k huigeuza kuwa t, hata kuku akawa “tutu” na kikombe kikawa “titombe”. Ilieleza pia kwamba akiambiwa achukue kijiko hutii papo hapo, ila akiambiwa achukue kijiko, akitie kikombeni, kisha alete kitabu, hushika agizo la kwanza tu. Mtathmini alianzia hapo maswali yake, kwa sababu darasani maagizo hutolewa kwa mfululizo.

Upungufu ulikuwa kwenye mapendekezo. Yaliandikwa kwamba mtoto apewe “msaada wa mara kwa mara”, bila kusema ni msaada gani wala nani autoe. Tulipolalamika, kliniki iliyaandika upya bila malipo: mwalimu amkalishe mbele, ampe agizo moja moja na kumwonyesha picha. Ripoti nzima pia ilikuwa ya Kiingereza, na bibi yake, anayeshinda naye kutwa, hakuweza kuisoma. Kliniki inayohudumia watu wa Malindi inapaswa kuambatisha walau ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Ada si ndogo. Anayekwenda aombe nakala mbili zenye tarehe, sahihi na muhuri, moja aipeleke kituoni na nyingine ibaki nyumbani.