Kulala kwa Wenyeji, Lushoto hadi Mtae
Matembezi haya ya siku 3 au 4 kwenye Milima ya Usambara, kwa kulala nyumba za wanakijiji, yanafaa sana, ila mapatano na mwongoza wageni yaandikwe kabla ya kuondoka. Uliza kama kiingilio cha Msitu wa Magamba kimo kwenye bei. Kisipotajwa, ugomvi huzukia getini. Uliza pia mwenye nyumba analipwa kiasi gani, na nani anamkabidhi.

Maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni: agiza saa nzima kabla, utaletewa ndoo na kopo. Juni na Julai blanketi moja halitoshi. Machi hadi Mei njia za udongo huteleza vibaya. Wenye magoti mabovu wasijaribu. Vyoo ni vya shimo, nje. Beba tochi.