Rambirambi kwenye kundi la WhatsApp au kwenda msibani?

Kwa fedha, kundi halina mpinzani. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Leo ndugu aliye Mwanza, hata Muscat, huchangia jeneza na usafiri wa marehemu jioni ileile. Mweka hazina hubandika orodha, kila mtu akaiona.

Ila orodha hiyo ina ukali wake. Asiye na kitu huonekana hana, na wengine hujitoa kundini kwa aibu. Msibani mtu huyohuyo angefunga turubai, angebeba viti, angekesha nje na wenzake, na huo ungehesabika mchango kamili. Wanawake hupika kwa zamu. Mfiwa halazimiki kujibu chochote. Watu hukaa naye mkekani tu. Kundini "pole sana" humiminika kwa saa chache, kisha kimya. Jirani aliyechota maji siku ya mazishi hurudi hata baada ya arobaini, na ndiye anayegundua kwamba mjane hali chakula.

Kwa maoni yangu, aliye mbali atume, kisha apige simu mfiwa asikie sauti. Wa mtaa mmoja aende, hata mikono mitupu.