Mshale wa chini ulikufa, VS Code ikanistiri

Kompyuta yangu ni ya mtumba, na siku moja tu kitufe cha mshale wa chini kikagoma kabisa. Fundi akacheka, eti hicho hakibadilishwi peke yake, ni kibodi nzima, na hela yenyewe ndo hivyo tena mnajua. Sasa mtu unayeandika kodi za JavaScript kutwa nzima utashukaje mstari jamani, nikawa nashika mausi kila baada ya sekunde mbili mpaka kiganja kinauma.

Kumbe kwenye VS Code, ile programu ninayoandikia kodi, unaweza kujipangia shotikati zako mwenyewe, yaani vitufe vya kuita amri. Unabonyeza Ctrl+K halafu Ctrl+S, inafunguka orodha ndefu ya amri, pale juu unatafuta cursorDown, ndo amri ya kushuka mstari, unagonga mara mbili kwenye mstari wake, unabonyeza vitufe unavyotaka, Enter, kwisha. Mi nikachagua Alt+J. Hakuna cha kuzima na kuwasha, inashika hapo hapo. Na kama vitufe hivyo vina kazi nyingine inakwambia kabla hujakubali, hapo nawapa maua yao.

Ila nilihangaika kidogo. Ile listi ya mapendekezo inayotokea ukiwa unaandika, nikibonyeza Alt+J nishuke kwenye neno la pili, listi inapotea najikuta nipo mstari wa chini, nikalaumu kibodi nusu siku nzima. Kosa langu, kushuka kwenye listi ni amri tofauti, inaitwa selectNextSuggestion. Nikafungua keybindings.json, faili la VS Code linalotunza shotikati zako, nikaweka hivi:

{ "key": "alt+j", "command": "cursorDown", "when": "textInputFocus" },
{ "key": "alt+j", "command": "selectNextSuggestion", "when": "suggestWidgetVisible && textInputFocus" }

Angalia mpangilio, VS Code inasoma kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo ya listi lazima ikae chini, mi niligeuza nikapoteza muda tena. Hiyo when ndo inaamua shotikati ifanye kazi wakati gani, na utamu wote uko hapo, vitufe vile vile kazi mbili.

Shida ni kwamba inaishia humo humo ndani ya VS Code, ukienda kwenye brauza mshale bado ni maiti. Halafu nikikalia kompyuta ya mwenzangu ofisini vidole vinaenda Alt+J vyenyewe, ananiangalia tu. Juzi nimebadilisha kibodi, mshale mzima kabisa, lakini mkono wala haushughuliki nao tena.