Hita plagi mpya kwenye Hilux ya 3L: uzoefu wangu na baridi ya Makete

Ukiishi Makete na una gari la dizeli, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo itakuonyesha una gari la namna gani. Usiku sakitu inababua majani ya viazi shambani, na alfajiri hiyohiyo ndiyo wenye mzigo wanataka kushuka Njombe. Gari langu ni Hilux ya zamani, injini ya 3L, ile ya dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo. Mchana ilikuwa inawaka ukigusa tu ufunguo. Alfajiri stata inazunguka hadi unaionea huruma betri, moshi mweupe unajaa uani, halafu injini inashika silinda mojamoja huku bodi zima linatetemeka.

Gereji ya kwanza niliyopeleka waliisikiliza mchana, ikiwa ya moto, wakasema pampu ya dizeli imechoka: ishushwe, na nozeli zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda zibadilishwe zote. Nilikataa kwa sababu ya ule moshi. Moshi mweupe wakati wa kupiga stata ni dizeli iliyofika kwenye silinda ikakosa kuungua. Sasa kama dizeli inafika, na gari likishapata moto linapanda milima na viroba vya viazi bila kulalamika, kwa nini tuanze na pampu? Injini ya dizeli haina cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta, na chuma kikiwa cha baridi kinalinyonya joto hilo kabla halijafanya kazi. Kazi ya hita plagi ni kupasha chumba cha kuwakia moto kabla hujapiga stata.

Nikamwita fundi umeme anayefuata gari nyumbani, nikamwomba afike kabla gari halijawashwa. Kwa tatizo la baridi hili ni la lazima, maana ukilipima gari la moto hutaona kitu. Huduma yake naisifu kwa moyo wote, kwa sababu hakufungua hata nati moja kabla ya kupima. Alianza na betri: imetulia, mita inasoma volti 12.6. Nikapiga stata yeye akiangalia, haikushuka chini ya 10. Ingeshuka chini ya 9.6 hivi, tungeanza kutafuta kwenye betri yenyewe, vichwa vyake na waya wa hasi unaofungwa kwenye injini. Kisha akagusa ukanda wa chuma unaounganisha hita plagi zote nne, nikafungua swichi: umeme unafika, kwa hiyo rilei, yaani swichi inayopeleka umeme kwenye plagi, na fyuzi ni nzima.

Hapo ndipo wengi wanaishia na kusema plagi zinafanya kazi. Yeye akaufungua ule ukanda akapima kila plagi peke yake, kwa sababu zikiwa zimeunganishwa, plagi moja nzima inazificha zilizokufa. Ya kwanza ilisoma ukinzani wa chini ya omu moja, ambayo ndiyo afya yake. Tatu zilizobaki, mita haikusoma kitu kabisa, yaani zimekatika ndani. Na muda wote huo taa ya koili kwenye dashibodi, ile ya kukuambia usubiri plagi zipashe, ilikuwa inawaka na kuzima kama kawaida! Kwenye magari haya ya zamani taa ile inakwenda kwa muda wake tu, haijui kama plagi imekatika.

Nilinunua plagi za kampuni ya NGK, seti nzima ya nne. Sishauri kubadilisha zile zilizokufa tu, ile moja iliyobaki ina umri uleule. Dukani nenda na plagi ya zamani mkononi na usome namba yake, maana baadhi ya mifumo ya Toyota inatumia plagi za volti ndogo kuliko ya betri, na ukikosea utaziunguza. Zipimwe zote palepale kabla hujalipa. Zinatakiwa kusoma karibu sawasawa, na muuzaji anayekataa kupima, mwachie mzigo wake.

Kuzitoa kunataka subira. Injini ipate moto kwanza, zipulizwe dawa ya kulainisha kutu, zilegezwe kidogokidogo kwa spana fupi, mbele na nyuma. Moja ya kwangu ilikuwa imevimba ncha na kuganda masizi, ikatoka kwa taabu. Ingekatikia ndani, huenda silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ingeshushwa.

Matokeo? Nasubiri taa ya koili izime, napiga stata, inashika mara moja kwa silinda zote nne. Asubuhi za sakitu kali napasha mara mbili, na moshi kidogo unatoka kisha unakata. Nilibadilisha pia oili kutoka 20W-50 kwenda 15W-40, ambayo ni nyepesi zaidi kwenye baridi, na stata sasa inazunguka kwa wepesi zaidi. Gharama ya plagi na fundi haikufika robo ya ile niliyotajiwa kwa pampu.

Madereva wenzangu wanaoweka jiko la mkaa chini ya sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, au wanaopuliza eza, ile dawa inayoshika moto upesi, kwenye njia ya hewa, nawaomba waache. Jiko limekaa chini ya bomba la dizeli, na eza ikikutana na plagi nyekundu inaweza kulipuka humohumo na kuvunja pistoni.

Na kama plagi ni nzima lakini moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto, angalia maji ya rejeta. Yakipungua bila kuonekana yanapovujia, huenda gasketi ya silinda hedi imepasuka, na hapo fundi umeme hana la kukusaidia.